Mbuzi Kwenye Foleni ya Maji

Baba Ndindi, Ndindi, na wewe shemeji Muasya,

Muthokoi uko kwenye sufuria, upasheni moto. Ndindi, anua nguo kabla ya mvua. Mimi nimeenda kanisani. Akina mama wananingoja niwafundishe kuchora picha za rangi, kama nilivyofundishwa mimi mwaka jana, mtu mzima na mvi zangu.

Sasa semeni. Nani amegusa picha yangu? Nilichora foleni ya maji hapa bombani Ziwani, watu na ndoo zao. Leo asubuhi nimekuta kwenye foleni pana na mbuzi. Mimi sikuchora mbuzi! Rangi bado mbichi, na brashi imeoshwa kwa mafuta ya taa ikafutwa vizuri, katika nyumba ambayo hakuna anayeosha hata kikombe chake. ~~Asiyekiri leo hali.~~ Kuleni, lakini nitamjua tu.

Ndindi, wewe ungeandika jina lako juu yake. Muasya, wewe ulikoroma mpaka kukacha.

Baba Ndindi, mbona ulitoka bila chai? Wewe unayesema rangi ni mchezo wa watoto! Nimemwangalia huyo mbuzi vizuri. Pembe zake zimelala, zimegandana na mgongo. Hivyo ndivyo mnavyochonga mbuzi wa mti, ili pembe zisivunjike njiani. Na mchonga vinyago katika nyumba hii ni mmoja.

Nimewamba kitambaa kingine cha kuchorea, kiko nyuma ya mlango. Ni chako. Na huyo mbuzi mwinue pembe, Baba Ndindi. Kwenye rangi hazivunjiki.

Mama Ndindi