Mazishi ya Ushambuliaji

Rexdale, Toronto

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kabla hata wifi Kabula hajavaa miwani vizuri aanze kukusomea: mwanao hajafukuzwa kazi. Najua utamwambia arudie, basi narudia mimi mwenyewe. Masanja hajafukuzwa. Yuko hapa sebuleni, amejilaza kwenye kochi na soksi zake miguuni, anakoroma mpaka vikombe vinatikisika. Sasa kaa, agiza chai, nikupe habari kuanzia mwanzo, maana siku ile kwenye simu wewe ulikuwa unalia na mimi nalia, tukawa hatusikilizani.

Magoti yanasemaje? Ile dawa ya kuchua imesaidia, au umewagawia majirani kama ile ya mwaka jana? Sisi huku ni wazima. Neema amenipita urefu. Kiswahili anakielewa chote lakini ukimuuliza jambo anajibu Kiingereza, nami namrudishia Kiswahili, na siku zinakwenda. Mimi bado niko kwenye ile nyumba ya kulea wazee. Napanda basi la Kipling asubuhi na giza lake, narudi miguu imevimba, lakini kazi ipo, tunamshukuru Mungu.

Haya, tuje kwenye ile video mliyoonyeshwa na mtoto wa baba mdogo. Wanawake waliojifunga kaniki wakilia uwanjani, na mzee amelala chali mbele ya goli. Ni ya kweli, Mama. Ule ni uwanja wa chuo anachofundisha mwanao. Na huyo aliyelala chali anaitwa Mzee Kondo, ni Mzaramo wa Kisarawe. Nikishakutajia kabila lake nadhani umeshaanza kutabasamu, kwa sababu ninyi Wanyamwezi na hao watani wenu mnajuana. Mimi Mpare nilichelewa kucheka, na hasira zangu unazijua.

Chanzo ni ushambuliaji. Mwaka jana timu ya Masanja ilikuwa inacheza mpira wa kubutua. Kipa anapiga mbele, na huko mbele yuko Amani, mtoto wa rafiki yangu Mama Amani, Mkongo tunayesali naye. Kijana mrefu huyo, anaruka na mabeki, akipata kichwa ni goli. Watu walifurahi sana. Mwaka huu mwanao akabadilisha kila kitu. Akasema mpira unaanza kwa kipa, unapita katikati, pasi fupi fupi, hakuna kubutua. Basi ikawa pasi, pasi, unarudi kwa beki, unarudi kwa kipa, tunaanza upya. Na magoli yakakauka kabisa. Bila kwa bila, bila kwa bila, halafu tunafungwa moja.

We, maneno! Kanisani wakati wa chai ni kocha, kwenye kundi la simu ni kocha. Kijana mmoja wa Kikenya alikuwa anasimama nyuma ya benchi anapiga kelele, "Kocha, hii mpira ya kurudi nyuma tumechoka nayo! Goli iko huku!" Wengine wakamtetea Masanja, wakasema ninyi mnataka magoli kama mnaagiza chipsi, ngojeni vijana waive. Wakabishana mpaka chai inapoa. Mama Amani mwenyewe alinishika mkono mlangoni mwa kanisa akaniambia, "Mama Neema, sitakuficha. Mutoto yangu anashinda amesimama kule mbele, balo haimufikie. Bwana yako anamungojesha nini?" Nilirudi nyumbani nikamuuliza mume wangu swali lile lile, akaniambia, "Watazoea," akaomba mboga zaidi.

Lakini hao wote hawamfikii Mzee Kondo. Huyo anakuja na kiti chake cha kukunja, anakaa mstari wa mbele, anaanza kabla ya filimbi. "Hawa ndio waliobeba pembe kwa miguu kutoka Tabora hadi Bagamoyo! Mnategemea watakuwa na haraka? Masanja, tua mzigo, piga shuti!" Nilikuwa natamani ardhi inimeze. Nikimtazama mume wangu, anacheka mpaka anashika mbavu, halafu anamjibu, "Kaa chini, Mzaramo, wewe unajua ngoma tu!" Basi wote wawili wanaridhika. Mimi nilimwambia Masanja huyo mzee anakuvunjia heshima mbele ya wazungu. Akasema huyo ni mtani, achana naye.

Nikaachana naye, na ndipo akafanya msiba. Tulikuwa tumetoka tena bila goli, na Jumamosi iliyofuata Mzee Kondo alifika na mkeka, akina mama kadhaa aliowapanga, na boksi la viatu lililofunikwa kaniki. Ndani ya boksi kuna mpira uliopasuka. Wakatandika nyuma ya goli wakaanza kilio. "Ushambuliaji wetu jamani! Umetutoka ungali mdogo! Mnyamwezi amekuua!" Wakati wa mapumziko mzee akaingia uwanjani na boksi lake, akalala chali pale anaposimama kipa, akasema hatoki mpaka mfiwa aje amtoe. Mnajua wenyewe mnavyofanya, mtani analala kaburini mpaka apewe kitu. Masanja akaenda, akavua kofia yake ya sufu akamvalisha, mzee akainuka, akina mama wakapiga vigelegele. Hata mimi nilicheka kidogo, sikufichi.

Ila wenyeji hawakucheka. Wao waliona watu weusi wamevaa nguo nyeusi, wanalia, na jeneza. Mwanafunzi akarekodi, wakatafuta mtu awatafsirie, wakaambiwa wanasema kocha ameua na leo tunazika. Jumatatu mkurugenzi wa michezo wa chuo, mama mmoja mwenye sauti ya upole sana, akamwita mwanao ofisini. Akamwambia barua za kulalamikia uchezaji zilikuwa zinakuja, alizivumilia, lakini sasa anaona jamii yake mwenyewe imemkataa mpaka inamfanyia mazishi. Akasema ataitisha kikao, mashabiki waje watoe maoni, kisha ataamua kama mkataba unaendelea.

Na mkataba, Mama, ndiyo maisha yetu. Ukikatika, Masanja anarudi ghalani kule karibu na uwanja wa ndege kubeba maboksi, na mgongo wake umeshasema basi. Yule mtu hulala vizuri tangu apewe filimbi. Nilipomwambia amlete Mzee Kondo akaeleze, akakataa katakata. "Mtani hashitakiwi," akasema. "Nikamwombe radhi ya nini, au aniombe ya nini?" Siku hiyo kwa mara ya kwanza hakumaliza chakula. Ndiyo ile siku niliyokupigia.

Nikaona ninyi na utani wenu mtaniua. Nikajifunga mtandio nikaenda mwenyewe mpaka St. James Town, kwenye yale maghorofa anakoishi Mzee Kondo peke yake. Akafungua mlango amevaa msuli na sweta juu, akanipokea, "Karibu, mke wa mpagazi!" Sikuitikia. Nikamwamkia, kisha nikamwambia yote nikiwa nimesimama pale pale mlangoni, kwamba kilio chake kinamfukuzisha mtu kazi. Mama, yule mzee alinywea. Aliketi. Halafu akasema, "Mimi nimfukuzishe Masanja? Mwanangu, ningekuwa namchukia ningemsalimia kwa adabu nikaenda zangu."

Hilo neno nililielewa kwenye kikao. Ukumbi ulijaa. Wazazi wenye makoti mazuri walisimama mmoja mmoja, wakaongea kistaarabu. Tunamheshimu sana kocha, ni mtu mwema, tunamshukuru kwa mchango wake, lakini pengine timu inahitaji mwelekeo mwingine. Hakuna aliyepaza sauti. Na kila aliyemsifu alikuwa anamsindikiza mlangoni. Masanja amekaa mbele, mikono mapajani, anaitikia kwa kichwa.

Akasimama Mzee Kondo. Kiingereza anakijua, lakini akasema Kiingereza chake hakina utani, anataka mkalimani. Watu wakageuka kunitazama mimi. Basi, Mama, nikasimama pembeni yake, na yale matusi yote ya mume wangu nikayatafsiri kwa mdomo wangu mwenyewe. Kwamba ni mpagazi. Kwamba timu yake inatembea na mpira kama inaupeleka sokoni. Kwamba babu zake walichelewa kufika pwani na yeye anachelewa kufika golini. Jasho lilinitoka. Mkurugenzi alikuwa anatazama huku na huku hajui afanye nini na uso wake.

Kisha mzee akapunguza sauti. Akaeleza kwamba kwetu mtani ndiye anayeruhusiwa kukuambia ubaya wako hadharani, na huruhusiwi kukasirika. Na ukifiwa, yeye ndiye anayekuja kukuchekesha ili usife na wewe. "Mimi ni mzee, niko peke yangu hapa Toronto," akasema. "Ndugu wa kunililia watakuwa mbali. Lakini nikifa, huyu Mnyamwezi atakuja kulala kwenye kaburi langu na kudai kofia yake. Mkimfukuza akaondoka, nani atanicheka?" Hapo sauti yangu ikakatika. Nilijaribu kutafsiri, nikashindwa, na Neema akasimama kule nyuma akaimalizia kwa Kiingereza, neno kwa neno. Sikujua kama na utani huu anauelewa.

Mkurugenzi akamuuliza Mzee Kondo, kwa hiyo unaupenda ushambuliaji wake? Mzee akaruka, "Siupendi hata kidogo! Ni wa kulalia! Lakini kocha ni wetu." Watu wakacheka, hata wale wa makoti. Ndipo Mama Amani naye akainuka. Akasema yeye pia analalamika na ataendelea kulalamika, lakini mwaka jana mutoto alirudi nyumbani kichwa kimefungwa bandeji kwa kugongana na mabeki, akalala gizani siku nyingi, hawezi hata kusoma. "Mwaka huu hafunge," akasema, "lakini anarudi muzima." Mume wangu aliinamisha kichwa. Mama, kumbe hiyo ndiyo sababu ya pasi fupi, na hakuwahi kumwambia mtu yeyote, hata mimi.

Wiki ile ile mkurugenzi alimwita akamwambia mkataba unaendelea. Akaweka sharti moja tu, kwamba majeneza yasiingie tena uwanjani. Nilikaa sakafuni jikoni nikalia, kisha nikapika pilau siku ya kazi kana kwamba ni sikukuu.

Ungedhani mambo yameisha hapo, sivyo? Jumamosi iliyofuata Masanja alirudi kutoka uwanjani uso umemshuka. Nikadhani wamefungwa. Hapana, walitoka sare. Akaniambia, "Mzee Kondo ameniamkia." Nikamwambia, si vizuri? Akasema, "Amenipa mkono. Ameniita Kocha. Ameniambia hongera kwa kazi nzuri, akakaa kimya mchezo mzima." Alishindwa kula pilau yangu iliyobaki. Kumbe yule mzee alishaogopa, anadhani kinywa chake ndicho kilichotaka kutuharibia. Nami ndiye niliyekwenda kumwambia hivyo mlangoni mwake.

Basi jana ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu. Nilikwenda. Upepo ulikuwa mkali, Mzee Kondo kwenye kiti chake amejikunyata na ile kofia ya sufu, mdomo kaufunga. Kipindi cha pili vijana wakaanza pasi zao. Kwa beki, kwa kipa, kushoto, katikati, kulia, mpaka tukasahau kama kuna goli upande wa pili. Mara mpira ukaingia eneo la hatari, ukamgonga Amani kwenye goti, ukajiviringisha polepole mpaka wavuni. Goli! Mama Amani alinirukia tukaanguka wote wawili. Lakini mwanao hakushangilia. Alitembea moja kwa moja mpaka kwenye kile kiti cha kukunja, mbele ya watu wote, akasimama, akapaza sauti, "Mzee wangu, siku hizi Wazaramo mnamwogopa mzungu? Kinywa umekipangisha?"

Mzee Kondo alimtazama. Akatazama kule alikokaa mkurugenzi. Halafu akasimama, kiti kikaanguka, akaunguruma mpaka waamuzi wakageuka, "Goli la goti! Mpagazi amejikwaa, mzigo umeangukia wavuni, anasema ameutua!" Masanja alicheka huku machozi yanamtoka. Tulishinda, ingawa sikumbuki kilichotokea baada ya hapo. Mkurugenzi nilimwona anacheka na yeye, akaniuliza mzee amesema nini. Safari hii nilitafsiri bila jasho.

Nisalimie baba mkubwa na mguu wake, na wifi Kabula anayekusomea, mwambie asiruke pale nilipomtaja. Msalimie shemeji mwenye duka na mkewe aliyejifungua, na bibi mzaa baba, mwambie picha za Neema zinakuja na dada wa kanisani kwetu anayeleta barua hii. Wale akina mama wa jumuiya mliokuwa mkifunga na kuomba nao, waambie wale sasa.

Mzee Kondo naye anakusalimu. Nakuandikia kama alivyosema: mwambie mama yake kwamba alizaa mpagazi, na akipita Kisarawe awadai ndugu zangu kofia ya mwanawe.

Lala usingizi, Mama. Mwanao huku anatukanwa vizuri.

Mkweo anayekupenda,
Mama Neema