Bamba Nililolipaka Rangi

Pawpaw Fork, Kentucky
9 Juni

Shangazi Verna,

Mimi ndiye niliyelipaka rangi lile bamba, na hakuna mwingine niliyemwambia. Nisamehe kwa kuanza na hilo kabla ya salamu. Hujambo? Mguu unaendeleaje? Sisi wazima, isipokuwa Bi Ines Pruitt.

Jumamosi, kwenye mashindano ya magobore, alisimama kando ya mumewe, Mzee Odell, akimwandikia alama. Mzee alilipiga lile bamba la chuma lenye umbo la dubu, umbali wa hatua thelathini. Kipande cha risasi kikarudi na kupenya chini ya miwani ya kinga ya Bi Ines. Daktari anasema jicho la kushoto litaona mwanga tu.

Baba, kama msimamizi wa uwanja, ametangaza kwamba Mzee Odell alitumia risasi ngumu inayodunda, ya kuyeyusha vile vipande vya kusawazishia magurudumu ya magari, badala ya risasi laini. Tarehe 28 klabu itakutana kumfukuza. Kinachoniuma ni kwamba Mzee mwenyewe amekubali. Gobore lake amelifunga ndani ya blanketi, na anamwambia kila mtu kwamba amemtoa mkewe jicho.

Lakini Shangazi, Ijumaa nilipokuwa nikiyapaka mabamba rangi nyeupe kama kawaida, brashi ilizama kwenye mashimo. Rafiki za Baba hulipiga bamba hilo kwa bunduki za kisasa kila Alhamisi. Nilimwambia Baba. Akasema, "Paka tu, Tressa. Rangi itajaza." Nikapaka mara mbili, likapendeza kama jipya. Nimemaliza shule mwezi uliopita na bado naogopa kumjibu.

Nimeandika kwa sababu simu iko sebuleni, na Baba pia.

Binti wa kaka yako,
Tressa

*

Oregon, 14 Juni

Mwanangu Tressa,

Nimepata barua yako, na mguu nimeusahau kwa hasira. Wasalimie wote, ila baba yako nitamsalimia mwenyewe siku nikipoa.

Kaka yangu anajua. Babu yako alitufundisha pamoja, tukiwa tumekaa kwenye gogo moja. Chuma cha shabaha kiwe laini kama meza. Kining'inizwe kwa minyororo na kuinama mbele kidogo, ili risasi ipasukie kuelekea chini. Bamba lenye mashimo ni kama bakuli: linaipokea risasi na kuirudisha ilikotoka. Wa kuliondoa ni msimamizi, na yeye akaagiza lipakwe rangi. Kisha anamwacha mzee wa watu aamini amemuumiza mkewe? Hata aibu haoni?

Usikae ukilia. Nenda kwa Odell umwombe gololi za risasi zilizobaki siku ile. Zibonyeze kwa ukucha. Risasi laini huacha alama, ngumu itakuvunja ukucha. Kisha ukakwangue ile rangi. Brashi ilikuwa yako, hilo sikufichi, na utalisema. Ila amri haikuwa yako.

Shangazi yako,
Verna

*

Pawpaw Fork, 22 Juni

Shangazi mpendwa,

Natumaini mguu umepata nafuu. Mimi mzima, ingawa mgongo unauma, na utajua kwa nini.

Nilikwenda. Nilisimama barazani kwao muda mrefu, nikageuka niondoke, ndipo Bi Ines akafungua mlango akiwa na bandeji jichoni. "Ingia, binti," akasema. "Jicho limebaki moja, usinifanye nilitumie kutazama kisogo chako."

Mzee alinipa mfuko wa gololi bila kuuliza. Nikabonyeza moja, ukucha ukazama. Nikamwonyesha. Akabonyeza nyingine, na nyingine, zote zikaacha alama. Nikasema bamba lilikuwa na mashimo. Akauliza nani alijua. Nikajibu nitasema Jumamosi kwenye mkutano wa klabu, mbele ya watu wote.

Bi Ines akavuta kiti mbele ya mumewe. "Wiki mbili hujanitazama usoni, Odell. Haya, nitazame."

Nikatoka nje, niwaache.

Jana Baba alisema yule dubu atakwenda kwenye vyuma chakavu, kwa kuwa hana kazi tena. Kumbe alipaswa kuondolewa kazini tangu Ijumaa ile. Leo alfajiri nililifungua bamba minyororo nikalikwangua. Mashimo kumi na tisa, na ncha ya kidole inaingia. Ni zito kama mtoto wa miaka mitatu. Liko chini ya godoro langu, nalilalia.

Wakati wa chai Baba aliniuliza kama nimeliona. Nikamuuliza, "La nini, Baba, kama halina kazi?" Sijawahi kumjibu hivyo. Aliweka kikombe chini akanitazama sana.

Najua atakupigia simu. Tafadhali Shangazi, hujui liko wapi, na hujapata barua yoyote. Nitunzie siri hii mpaka Jumamosi saa nne asubuhi. Kuanzia hapo nitaisema mwenyewe, na ile ya brashi pia.

Binti wa kaka yako,
Tressa