Safari ya Siku Mbili Inayokwisha kwa Saa Kumi na Moja

Mshauri mpendwa, nakuomba unijibu upesi, maana Jumamosi mama yangu anapanda ndege.

Mimi ni mzaliwa wa Daegu, naishi Los Angeles na mke wangu Yeon-hwa na binti yetu Sol, na kila Chuseok tunarudi Korea kwa sikukuu, na unajua mwenyewe kwamba mke huanzia jikoni kwa mama mkwe wake, kwao huenda baadaye kama muda umebaki, na kwetu haubaki kamwe, basi nilimwambia mama kwamba safari ni siku mbili, tukiondoka Jumatano tunafika Ijumaa, kumbe tunatua Incheon Alhamisi saa kumi jioni na kulala kwa wazazi wa Yeon-hwa, karibu na uwanja wa ndege, na huu ni mwaka wa nane mama anaamini, tena anatuonea huruma na kumkanda Yeon-hwa miguu.

Sasa mama, ambaye ana miaka sabini na miwili na hajawahi kupanda ndege, anakuja kwetu, ameandaa milo sita ya njiani, na juzi akanipigia simu akasema, "Baba Sol, huyu aliyeniuzia tiketi ni kipofu. Ameandika naondoka Jumamosi saa nane na nusu mchana, nafika Jumamosi hiyohiyo saa tatu na nusu asubuhi. Nitafikaje kabla sijaondoka?" Nikamjibu kwamba huku tuna Jumamosi yetu, na Yeon-hwa anasema tumpokee tukimwambia ni Jumapili, lakini Sol ana miaka sita na anazijua siku zote za wiki, nami naogopa mama hatatuamini tena na lawama zitamwangukia mke wangu, nifanyeje?

Bang Tae-uk

Bwana Tae-uk,

Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya kwanza nikitafuta nukta.

Kutoka Incheon hadi Los Angeles ni kama kilomita elfu tisa na mia sita. Kwenda huko ni saa kumi na moja hivi, kwa kuwa upepo huisukuma ndege. Kuja huku ni kumi na tatu, kwa kuwa upepo huohuo huikabili. Saa zenu ziko nyuma ya zetu huku Korea kwa saa kumi na sita. Aliyeuza tiketi haoni vibaya hata kidogo.

Mama yako ataambiwa afunge mkanda akiwa hajamaliza mlo wa tatu. Aliyekulea hahitaji kalenda ili aelewe kilichobaki. Na hilo shauri la Jumapili ni la kitoto. Sol atawaumbua kabla hamjatoka uwanjani.

Kutaka mkeo awaone wazazi wake si kosa. Kosa ni kuogopa kulisema, ukajificha nyuma ya bahari nzima na kumwacha mkeo akandwe miguu isiyouma.

Piga simu leo, wewe mwenyewe, si Yeon-hwa. Usianze na habari za upepo. Sema, "Mama, safari ni siku moja. Siku ya pili tulikuwa kwa wakwe zangu, na aliyedanganya ni mimi." Atakukatia simu. Ngoja apige yeye. Akipiga, muombe waziwazi kwamba kila Chuseok siku ya kwanza iwe ya wazazi wa mkeo.

Kisha sogeza mbele tarehe yake ya kurudi. Umemnyang'anya siku nane, moja kila mwaka. Mrudishie zote, na uombe likizo kazini, ili asizimalize akiangalia mlango.