Mbele ya Ulimi wa Barafu

Jumatatu, 3 Julai
Miaka yangu themanini na mmoja. Nimezika wake wawili, boti tatu, na wachungaji wote waliosema nitakufa maji. Hata huu ulimi wa barafu, mto mzima wa barafu ushukao mlimani, nimeushinda! Zamani ulitia miguu baharini. Sasa umekimbilia mwambani, unanichungulia. Mimi bado natega kamba yangu ya ndoana hapa hapa mbele yake. Wengine wamehamia mdomo wa ghuba. Waoga.
Mbwa wangu wa kuvuta sleji thelujini wanataka samaki wa akiba ya majira ya baridi. Nisipopata — bunduki, niwapige risasi wasife njaa. Ndiyo desturi. Sitaki.

Jumatano, 5 Julai
Bolette amekuja kutoka mjini Nuuk, anakosomea maji ya bahari. Mjukuu wangu, lakini alipewa jina la marehemu mama yangu, basi kwa desturi yetu ni mama, nami ni mwanawe.
Anasema eti ulimi ulipokuwa baharini, maji yake yalitokea chini kabisa, yakapanda kwa nguvu na mbolea ya kilindini. Vijimea vidogo vikanenepa, uduvi wakavila, samaki wakala uduvi. Sasa maji yanatiririka juu juu. Mbolea imebaki chini.
Nikasema maji yana rangi, basi yana chakula.
"Hiyo rangi ni matope, mwanangu. Yanaziba hata jua. Utawalisha mbwa matope?"
Mwanangu! Naye meno ya utoto yamemtoka juzi tu!

Jumamosi, 8 Julai
Samaki wawili. Wembamba kama soli ya kiatu. Tobiasi jirani akapita, boti yake imelala kwa uzito. Akauliza nawavua au nawauguza. Nikamtupia kichwa cha samaki. Kikampata!
Mbwa wamewamaliza kabla sijavua buti.

Jumapili, 9 Julai
Kanisani sikwenda. Mama Bolette kanifuata botini, amekaa penye injini. Anasema twende mdomo wa ghuba, leo hii. Nikasema huko akavue Tobiasi na shangazi zake. Akasema mtoto habishani na aliyemzaa. Nikabisha.
Nimevuta kamba. Zamani ilitoka na ute wa kijani wa vile vijimea, inanuka tango, naifuta kwenye suruali huku natukana. Leo safi. Nikaipitisha tena mkononi. Safi, kama imefuliwa.
Hakuna shakwe hata mmoja.
Nimeitupa tena! Hapa hapa! Mama kawasha injini. Mimi nimeikanyaga kamba, naandika. Hakuna anayelegeza. Tobiasi kasimamisha boti yake, anatutazama. Hacheki.
Kwamba nikiondoka si kwa woga — shahidi Tobiasi. Kwamba kamba ilitoka safi — shahidi mama.