Mama Hakugusa Kofre

Makomeno, Lubumbashi

Kwako yaya Adrien, kaka yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa sababu mama alitufundisha kusalimiana. Natumaini huko Kasenga mko wazima, wewe, wifi na watoto, na samaki wanapatikana. Sisi tuko. Mkono wa mama ulioungua umeanza kukauka, ila bado hawezi kumega bukari, namlisha mimi hapa kwangu. Hukuuliza, lakini nakuambia.

Nimesikia umewapigia simu wajomba, ukasema kazi yangu ndiyo iliyounguza chumba cha mama. Una macho makavu, yaya. Kofre ya umeme pale kwa mama, Hewa Bora, niliifunga mimi, na mizigo niligawa kwenye fazi zote tatu, zile nyaya zinazoleta umeme: friza zako za samaki peke yake, mashine ya kuchomelea ya mpangaji wetu Kapya peke yake, nyumba ya mama peke yake. Hakuna fazi iliyoonewa.

Pasaka ukaja, ukakuta umeme umefifia upande wa friza. Ukafanya wanavyofanya wote mtaani: ukatafuta fazi yenye nguvu, ukahamia. Ilikuwa ya mama. Ukarundika humo friza zako na mashine ya Kapya, mama ukamsukumia ile dhaifu. Kapya anasema alikuomba unipigie simu kwanza, ukamjibu: « Mama iko na lampe moja tu, itamutosha. »

Ukaenda zako. Waya wa nyutro, unaorudisha umeme wa fazi zote na ambao wote tunautegemea, ulizidiwa na mzigo wa upande mmoja, ukaungua, ukakatika. Ukikatika, umeme unamkimbilia mwenye mzigo mdogo. Taa ya mama ikapasuka, redio ikawaka moto, pazia likashika. Alilizima kwa mkono wake.

Wajomba walipofika hospitali kuuliza nani alifungua kofre, mama akasema ni yeye. Mama huyu, anayefunga mkono kwa kitenge kabla ya kuwasha taa! Wakamwamini. Sasa wanasema akili zimemtoka, kiwanja kiuzwe, yeye aletwe kwako Kasenga. Na wewe, unayejua nani alifungua, ukawaambia ni wazo zuri.

Basi sikiliza nikuambie usilolijua. Mama aliniambia kila kitu akilia. Alikuona dirishani ukihamisha waya. Anakuficha kwa sababu wewe ni mtoto wake wa kwanza, hataki wajomba wakudharau. Aliniapisha ninyamaze, nami niliapa. Lakini analia kwa ajili ya nyumba yake, yaya, usiku na mchana, kwa hiyo kiapo hicho nakivunja. Jumapili wajomba wanakaa kikao pale nyumbani kwa mama. Njoo useme mwenyewe mbele yao. Ukinyamaza nitasema mimi, na Kapya atakuwa amekaa pembeni yangu.

Msalimie wifi, na watoto uwabusu. Mama anakusalimu sana, anauliza kama unakula vizuri na kama friza zako hazikuharibika. Hizo ni salamu zake. Zangu utazipata Jumapili.

Mdogo wako,
Nono