Saa Saba ya Kompyuta

Jumatatu, 11 Agosti

Shukuru kaamka mara nne. Meno. Nimefika studio macho yanawasha, mtoto mgongoni, uji wake kwenye chupa. Nimefagia. Nimewasha mashine. Nimemtandikia kitenge chini ya meza. Wanafunzi wa picha za pasipoti tayari wamejaa mlangoni.

Mashine ikatambaa tena. Kufungua picha moja tu, mwanafunzi anapiga miayo. Najua ni ile bakapu. Tangu wiki iliyopita mashine inajinakilia yenyewe kazi zote kwenye diski ya nje, kile kidude cheusi kama kipande cha sabuni. Mimi ndiye niliyeitaka, maana diski ya ndani imeanza kugonga. Kro, kro. Fundi Elias wa Gungu alisikiliza mlio kwa simu akasema huyo mgonjwa anaaga. Akanielekeza namna ya kupanga. Weka saa saba, akasema, mkienda kula na kuswali, mashine imekaa bure, haitamkera mtu. Na ikikosa saa yake, ianze mara tu ikiwashwa. Nikaweka hivyo hivyo.

Bi. Rehema mwenye studio alikubali kwa shida sana kutozima umeme mchana. Yeye hata akienda kuswali hushusha swichi kubwa. LUKU haiokotwi barabarani, anasema.

Sasa mbona inanakili asubuhi, watu wakiwa wamejaa? Na saa saba, nikiiangalia, imetulia kimya? Sielewi. Elias simu yake haipatikani.

Ramso, mdogo wake Bi. Rehema, ndiye anayepiga video na kuzihariri. Kanisema mbele ya wateja. "Mama Shukuru, hii bakapu yako ni kupe. Inanyonya mashine mpaka imekonda." Wanafunzi wakacheka. Akaing'oa diski katikati ya kazi. Nimekasirika mpaka sasa.

Jumanne, 12 Agosti

Kumepigwa simu kutoka Kagunga. Esta, yule bibi harusi wa mwezi uliopita. Baba yake amezikwa Jumapili.

Video yao bado hatujamaliza. Hakulaumu. Anasema anachotaka ni pale tu baba anapozungumza na mkwe. Alhamisi ya wiki ijayo atakuja na boti aichukue, ionyeshwe siku ya kumaliza matanga. Hawana sauti ya mzee mahali pengine popote. Picha wanazo mbili, zote amenuna.

Napajua anapopasema. Ramso aliporudi kutoka huko alituigizia hapa mpaka Bi. Rehema akashika ubavu. Mzee kasimama na kofia mkononi, anamwambia bwana harusi: "Ukimchoka usimpige. Nirudishie. Nauli ya boti nitalipa mimi."

Memori kadi zilifutwa wiki ile ile, zikapigia harusi nyingine. Ndiyo kawaida yetu, kadi ni chache. Kwa hiyo mzee yumo kwenye diski ya ndani peke yake. Ile inayogonga.

Nikafungua ya nje. Harusi Buhanda ipo. Harusi Gungu ipo. Kagunga hakuna. Inanakili kwa kufuata herufi, na kila asubuhi Ramso anaing'oa kabla haijafika K. Nikaivuta hiyo moja kwa mkono. Mashine ikaganda, Ramso yuko katikati ya kazi ya mteja, nusu ya alichofanya ikapotea. Kosa langu hilo. Nilikurupuka, ningemwambia kwanza.

Akaitia diski begini. "Utaiona nikiamua."

Bi. Rehema kasema mara moja tu, na yeye hasemi mara mbili. Mashine ikitambaa tena, bakapu inatoka. Na mimi nikiirudisha, tutoke wote wawili, mimi na bakapu.

Jumatano, 13 Agosti

Ramso kaenda Uvinza kupiga harusi. Anarudi Ijumaa. Diski iko naye. Nimempigia, anakata.

Nimejaribu flashi. Haitoshi hata robo.

Nimemwomba Bi. Rehema tusiwashe mashine kabisa mpaka Ramso arudi. Kaniangalia kama nimemwomba figo. "Tukae tukitazamana, mwanangu? Tutakula migebuka ya kuchora, samaki wa karatasi?" Ana haki yake. Nimewasha. Kila ikigonga, mimi nashtuka. Shukuru kajifunza kuiigiza. Kro, anasema, kisha anacheka. Mimi sicheki.

Naogopa. Naandika wazi maana hakuna wa kumwambia, baba Shukuru yuko Kalemie, ng'ambo ya ziwa, na mizigo na mtandao wa huko ni shida. Naogopa kumwambia Esta. Nimeshajipangia maneno. Yote ni mabaya.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimeijua!

Nilikuwa namwogesha Shukuru uani. Mtoto anateleza kama dagaa, mimi nataka kujua nimechelewa kiasi gani. Nikamwambia binti wa jirani aniangalizie saa kwenye simu. Akasoma kilichoandikwa. "Saba kamili." Nikamwambia ndiyo, saa moja. Nimemwagia mtoto kopo la kwanza. La pili likaniganda mkononi.

Saba ya kwenye simu ni saa moja asubuhi. Naijua hiyo tangu darasa la tatu. Kila mtu anaijua. Elias kaniambia saa saba, mimi nikaandika 7. Kompyuta haijui Kiswahili. Kwake 7 ni alfajiri ya studio, mlango umefungwa, mashine imezimwa. Ikikosa saa yake inasubiri niiwashe, halafu inaanza. Wakati ule ule wanafunzi wanapoingia. Mimi mwenyewe nimeipanga imkere Ramso kila siku. Na mchana Bi. Rehema anaacha LUKU iliwe bure.

Nikacheka peke yangu. Halafu nikaona haya. Halafu Shukuru akalia kwa baridi, nikamfuta.

Nimefika nikafuta 7, nikaandika 13. Nikasoma mara tatu. Nikamweleza Bi. Rehema. Akasema, "Kwa hiyo wiki nzima tumegombana na mzungu wa saa." Hakucheka lakini mdomo ulicheza. Nikamwomba kesho tu. Kesho ni Ijumaa, watakaa msikitini zaidi. Akakubali.

Lakini diski iko Uvinza. Mashine imegonga mchana kutwa.

Ijumaa, 15 Agosti

Ramso kafika saa tano, vumbi mpaka kope. Sikumgombeza. Nilimwekea chai. Nikamwambia kosa la saa lilikuwa langu, na la Jumanne pia. Nikamwambia diski naitaka, na siondoki hapa mbele ya begi. Akasema, "Na leo mashine ikiganda?" Nikasema nitarudi kwetu mimi.

Akaitoa.

Saa saba kasoro wakatoka wote kwenda Ijumaa. Nikafunga mlango nusu. Nikamlisha Shukuru ugali na mchuzi, jicho kwenye kioo. Saa saba kamili, bila mtu kugusa, kale kadirisha ka bakapu kakafunguka. Ikaanza. Nikasema alhamdulillahi kwa sauti.

Ikapita Buhanda, ikaikagua. Gungu. Ikaingia Kagunga. Taratibu. Mashine inagonga, inanyamaza, inagonga. Nimekaa mkono kifuani. Shukuru anataka kuvuta waya, nimempiga kakofi kadogo mkononi, kalia, nikamnyonyesha huku nikitazama mstari wa kijani. Ikamaliza Kagunga. Ikaenda Mahafali. Ikaenda Picha. Nikaanza kupumua.

Umeme ukakatika.

Giza kwenye kioo. Feni ikazunguka ikasimama. Diski ilikuwa katikati ya kuandika. Elias aliwahi kusema diski ikikatiwa umeme inaandika inaweza kuharibika yote. Yote. Nimekaa pale na titi nje, mtoto kalala.

Umeme haukurudi mpaka tumefunga.

Jumamosi, 16 Agosti

Asubuhi mashine imewaka. Nyepesi! Wanafunzi wameingia na kutoka. Ramso kafanya kazi yake mpaka saa tano bila kutukana mtu. Hakuna aliyenishukuru. Sawa.

Nilitaka kuifungua diski ya nje nihakikishe. Ramso kasema subiri saa saba, mama, leo tumeelewana usiniharibie. Nikasubiri. Saa sita umeme ukakatika tena, haukurudi.

Jumatatu, 18 Agosti

Imekufa.

Nimebonyeza, taa ikawaka, ikagonga mara moja kwa nguvu, basi. Kioo cheusi, maandishi meupe. Nimezima, nimewasha. Vile vile. Bi. Rehema kaja kainama kwenye mashine kama anamsikiliza mgonjwa. Ramso kakaa kwenye ndoo, mikono kichwani. Wanafunzi tumewarudisha.

Hakuna aliyemlaumu mwenzake. Ningependa walaumu.

Elias hatimaye kapatikana. Alikuwa kijijini kwa wakwe, huko mtandao haushiki. Kasema tumpelekee vyote kesho, nisiichomeke diski popote.

Esta kapiga jioni. Sikupokea. Nimekuwa mtu wa hivyo.

Jumanne, 19 Agosti

Bodaboda mpaka Gungu, Shukuru mgongoni, diski ndani ya sidiria ili isitikisike. Ramso kapakata mashine kwenye bodaboda ya nyuma.

Elias kachomeka diski kwenye kompyuta yake. Ikakaa. Ikakaa sana. Ramso akatoka nje. Mimi nikahesabu vigae.

Ikafunguka. Harusi Kagunga. Elias akabonyeza. Ufukwe, mahema, mabati. Mzee kavua kofia. Midomo inacheza, sauti hakuna. Elias akasema, "Dada, spika nimezima mimi, wateja wananipigia kelele." Ningemzaba kibao. Akawasha.

"... nauli ya boti nitalipa mimi." Na watu wakacheka.

Nimelia pale pale kwa fundi. Shukuru akanishika pua.

Umeme ulikatika ilipofika R. Kuanzia hapo diski haina kitu. Na R ni folda ya Ramso mwenyewe, majaribio yake, video zake za ziwani za miaka yote. Ya ndani Elias kasema imekufa kabisa. Ramso alisoma orodha mpaka mwisho, akarudi juu, akasoma tena. Kisha akaniambia tu, "Twende, tuna video ya kuhariri." Namhurumia. Njiani nilitamani nimshike bega, lakini bodaboda ni mbili.

Alhamisi, 21 Agosti

Tumepata mashine ya kuazima. Saa saba, yaani 13, inajinakilia. Sisi tunakula.

Esta kaja kwenye saa nane mchana. Mwembamba kuliko kwenye harusi. Kaja na mumewe, kijana mpole anayeshika mkoba wa mke. Katusalimu kwa Kiha, kisha akakumbuka yuko mjini, akaanza kutuamkia upya, Bi. Rehema shikamoo. Tukampa pole. Nikamwomba samahani kwa kutopokea simu. Kasema alidhani mtandao.

Ramso akamwekea kiti, akafungua. Hatukumsimulia lolote la diski.

Katazama bila kulia. Mzee alipofika kwenye nauli, mumewe akacheka kidogo kama walivyocheka wale, halafu akainamisha kichwa. Esta akaomba irudiwe. Ikarudiwa. Nje wanaanika dagaa, harufu inaingia, hakuna aliyefunga mlango.

Kisha akauliza kama tunaweza kumpa mbili. Moja ya nyumbani kwao, Kagunga. Na nyingine?

"Ikae kwa mume wangu," kasema, bila kumtazama. "Asije siku moja akasema hakuambiwa."

Mume kasema, "Weka."

Nikamwekea mbili. Nikazijaribu zote, moja moja, mpaka mwisho.