Shati la Kazungu

Mjambere, Jumanne

Leo nimemtaja kaka yangu Kazungu kwa polisi.

Tangu dada yetu Kadzo auawe nyumbani kwake, wanatuhoji sisi jamaa tu, maana mlango haukuvunjwa. Wiki mbili nimesema sikuona kitu. Leo nimeshindwa. Nimewaambia kwamba alfajiri ile nilimkuta Kazungu uani kwa mama, anafua shati lenye damu.

Wamemchukua mchana. Hakukana. Aliniambia tu, "Mtunze mama."

Jioni nikampelekea mama uji. Hakuugusa.

"Nilijua, mwanangu," akasema. "Sabuni nilimpa mimi. Kadzo ameshakwenda, nikaona nisipoteze wawili."

Kesho polisi wanarudi. Wakiniuliza kama mama alijua, Mungu wangu, sijui kama nitaweza kusema kweli mara ya pili.